Kubadilisha fremu ya rejeta kwa alumini: ya kujua kabla gari halijakatwa

Gari likizeeka huku Mtongwe, sehemu mojawapo inayooza mapema na kugunduliwa kwa kuchelewa ni fremu ya chuma iliyo nyuma ya grili, ile inayoshika rejeta. Mlango ukitoboka, mwenye gari huona. Fremu hii imejificha kati ya bampa na injini, na wengi hujua imekwisha siku rejeta inapolegea, taa zinapoanza kutazama chini, au boneti inapokataa kufunga sawasawa.

Hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni kuchomelea vipande vya chuma palipooza. Ya pili ni kununua nosikati, yaani sehemu ya mbele ya gari kama hilo iliyokatwa Japani na kuletwa na meli, ukachukua fremu yake. Ya tatu, ambayo huwavutia hasa vijana wanaopenda magari, ni kutengeneza fremu mpya ya alumini. Alumini ni nyepesi na haipati kutu jekundu, kwa hiyo yaonekana kama dawa ya maradhi yote mawili, uzito na kuoza.

Makala hii yaeleza kazi hiyo ilivyo: magari gani yanafaa, alumini gani inunuliwe, na kazi ifanyweje. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili. Uzito utakaopunguza ni mdogo. Kitakachoamua kama fremu yako itadumu miaka kumi au miezi kumi ni namna alumini inavyokutana na chuma cha gari mahali penye hewa ya chumvi.

Fremu ya rejeta inashika nini

Jina lake ladanganya. Kushika rejeta ni kazi yake moja tu. Ukilitazama gari la kawaida, fremu hii pia hubeba kondensa ya eisi, feni, honi, taa za mbele na loki ya boneti. Upande wa kulia na wa kushoto imeungana na mbavu mbili ndefu za mbele za bodi, kwa hiyo ndiyo inayozizuia mbavu hizo zisipanuke wala kubanana gurudumu linapoingia shimoni.

Kwenye magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, boriti ya chini ya fremu ina mzigo mwingine tena. Toyota Corolla za miaka ya 1990, kwa mfano, zina mhimili unaopita chini ya injini kutoka mbele kwenda nyuma, na mwisho wake wa mbele umefungwa kwenye boriti hiyo. Injini ikivuta, sehemu ya nguvu yake humalizikia hapo.

Loki ya boneti ndiyo ya kuogopwa zaidi. Fremu ikidhoofika pale loki ilipofungwa, boneti yaweza kufunguka gari likiwa katika mwendo. Upepo huiinua, ikapiga kioo cha mbele, na dereva asione chochote. Katika vichochoro vya mtaani mtu aweza kusimama salama. Katika barabara ya Dongo Kundu, ambako magari hukimbia na malori ya bandari yako nyuma yako, hilo ni jambo la maisha na kifo. Kwa hiyo fundi anayekuambia kwamba hiyo ni "bati la kushikia rejeta tu" hajaeleza kazi yote.

Kwa nini huoza huku kwetu

Mtongwe imepakana na maji ya Kilindini, na Likoni upande wa pili yatazama bahari kuu. Upepo hubeba chembe za chumvi usiku na mchana. Grili ndiyo mdomo wa gari: kila linapotembea, hewa hiyo huingia na kupita katikati ya fremu kabla ya kufika kwenye rejeta. Matope na mchanga hukaa katika boriti ya chini, ambayo ina mashimo ya kuingiza maji na machache ya kuyatoa. Chumvi nayo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua chuma kile hakikauki kabisa.

Juu ya hayo kuna mvujo wa rejeta yenyewe. Mtu akitia maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, rejeta huliwa kwa ndani, huvuja, na maji yale hudondokea boriti ile ile ya chini. Ukibadilisha fremu ukaacha tabia hiyo, umetibu kidonda ukaacha msumari.

Kupima ni rahisi. Ondoa bampa, osha, kisha gonga boriti ya chini taratibu kwa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Chukua pia sumaku ndogo uipitishe juu ya fremu. Palipojazwa fila na kupakwa rangi, sumaku haitashika.

Alumini ni nyepesi kiasi gani hasa

Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.85. Ya alumini ina gramu 2.7, yaani karibu theluthi moja. Hapo ndipo hesabu ya wengi huishia, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu alumini hupinda kwa urahisi mara tatu kuliko chuma. Kile ulichopunguza katika uzito umekipunguza katika ugumu wa kutopinda.

Chukua mfano wa mabomba ya mraba. Ukitoa bomba la chuma ukaweka la alumini lenye upana ule ule, itakubidi unene wa ukuta wake uwe mara tatu ndipo ligome kupinda kama la kwanza. Uzito nao utarudi kuwa karibu sawa. Hujapata kitu.

Faida hupatikana ukiongeza upana wa bomba. Bomba la chuma la milimita 25 kwa 25, lenye ukuta wa milimita 1.5, lina uzito wa takriban kilo 1.1 kwa kila mita. Bomba la alumini la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 2, lina kilo 0.82 kwa mita, na lagoma kupinda karibu mara mbili ya lile la chuma. Hapo umepata wepesi na ugumu pamoja, lakini umetumia nafasi. Ikiwa kati ya rejeta na grili hakuna nafasi hiyo, mpango wako umekwama kabla haujaanza.

Kwa bati bapa hesabu ni nzuri zaidi kidogo. Mita moja ya mraba ya bati la chuma la milimita 1.2 ina kilo 9.4. Ili bati la alumini ligome kupinda vivyo hivyo lahitaji unene wa takriban milimita 1.8, na uzito wake utakuwa kilo 4.9, yaani nusu.

Ukijumlisha yote, kwa gari dogo utaokoa kilo chache, kama dumu la maji la lita 5. Gari lenyewe lina zaidi ya kilo elfu moja. Hutaona tofauti ya mafuta kwenye kituo cha petroli. Katika magari ya mashindano fremu nyepesi ina maana kwa sababu hubadilishwa pamoja na vitu vingine vingi, na kila kilo inayotoka mbele ya magurudumu husaidia gari kukata kona. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, sababu ya kuchagua alumini ni moja tu: kutafuta fremu isiyooza. Na hiyo nayo ina masharti.

Magari yanayofaa na yasiyofaa

Yanayofaa zaidi ni magari yenye chesisi ya peke yake, bodi ikiwa imewekwa juu yake: Land Rover za zamani, Land Cruiser, pikapu kama Hilux. Kwa haya, nguvu za barabara hubebwa na chesisi, na katika mengi fremu ya rejeta hufungwa kwa bolti. Waitoa, waweka nyingine, na ukikosea waweza kuirudisha ya kwanza.

Yanayofaa kwa nusu ni magari madogo yasiyo na chesisi, ambayo fremu yake imechomelewa kwenye bodi. Hapa boriti ya juu yaweza kuwa ya alumini iliyofungwa kwa bolti, lakini boriti ya chini na nguzo za pembeni zibaki za chuma. Zikiwa zimeoza, zirudishiwe chuma. Usikubali boriti inayoshika mhimili wa injini ikatwe na kuwekewa kitu kilichofungwa kwa bolti nne.

Yasiyofaa kabisa ni magari yenye mifuko ya hewa ambayo kihisi cha ajali kimefungwa kwenye fremu hii. Kihisi hicho kimepimwa pamoja na chuma kinachokishika: chuma kikipondeka kwa kasi fulani, mfuko hufunguka. Ukikihamishia kwenye fremu ya kubuni, hakuna ajuaye kitafanya nini, na hakuna majaribio utakayoweza kuyafanya isipokuwa ajali yenyewe. Kwa gari kama hilo tumia fremu ya asili, mpya au ya nosikati.

Alumini ipi inunuliwe

Neno alumini lina familia kubwa. Sufuria ni alumini, dirisha ni alumini, na boti ni alumini, lakini haziwezi kufanya kazi moja.

Mabomba ya madirisha na milango ndiyo yanayopatikana kwa urahisi Mombasa, na ndiyo yanayotumiwa vibaya zaidi. Yametengenezwa yawe laini ili yapite kwenye umbo, na kuta zake ni nyembamba. Yatashika kioo, hayatashika rejeta iliyojaa maji katika barabara yenye mashimo. Alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa na mafundi wa jua kali nayo haifai, kwa sababu yaweza kuwa na vipovu ndani ikavunjika bila kupinda kwanza.

Uliza kwa namba. Bati la namba 5052 au 5083 hustahimili maji ya chumvi, na 5083 ndiyo hutumika kuundia boti. Kwa mabomba, 6061 yenye alama ya T6 ina nguvu ya kutosha. Lakini ujue kwamba T6 ni nguvu iliyopatikana kwa joto la kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo pembeni mwa kiungo. Kwa hiyo kiungo kilichochomelewa kisiwekwe mahali penye mzigo mkubwa, au kiongezewe kipande cha pembe tatu. Muuzaji asiyejua namba ya alumini yake, tafuta mwingine.

Adui: metali mbili na chumvi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakawa kati yake, huwa ni betri. Umeme mdogo hupita, na metali iliyo dhaifu zaidi katika safu hiyo huliwa ili kuilinda nyingine. Kati ya alumini na chuma, inayoliwa ni alumini.

Watu wa bahari wanalijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana chini ya meli na kwenye injini za boti hufungwa vipande vya zinki: zinki huliwa kwanza, na chombo hubaki. Bati la paa lenye zinki hufanya vivyo hivyo. Ukifunga fremu ya alumini moja kwa moja kwenye bodi ya chuma Mtongwe, umeifanya fremu yako kuwa ile zinki.

Alumini haitoi kutu jekundu, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Hutoa unga mweupe unaofanana na chumvi, rangi hufura kama lengelenge, na shimo la bolti hupanuka taratibu. Kwa mbali fremu huonekana nzima mpaka bolti ichomoke nayo.

Mfano mkubwa ni Land Rover. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo bodi ikaundwa kwa alumini juu ya chesisi ya chuma. Bodi hizo zimeishi miongo mingi, nyingine zaonekana hadi leo katika barabara za Pwani. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuitengeneza moja ajua palipoharibika: si katikati ya bati, ni kwenye viungo, pale alumini ilipokutana na chuma.

Mfano wa pili uko ndani ya gari lako. Rejeta nyingi za leo zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki, na kiwandani hukalishwa juu ya mipira. Mpira huo hupunguza mtikisiko, na pia huitenga alumini na chuma. Fuata mfano huo kwa fremu nzima.

Hatua za kazi

1. Pima kabla ya kukata. Gari likiwa sehemu tambarare, pima umbali kati ya mbavu mbili za mbele, kisha pima mshazari kutoka kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Andika. Piga picha za kila upande, pamoja na nafasi kati ya boneti na mabawa.

2. Tenganisha betri. Injini ikiwa baridi, toa kulanti na uipokee kwenye chombo. Usiimwage chini wala kuiacha kwenye beseni. Ina ladha tamu na ni sumu, na mbuzi, paka au mtoto aweza kuionja. Gesi ya eisi itolewe na fundi wa eisi kwa mashine yake. Usilegeze bomba ikatoka hewani.

3. Tegemeza gari. Ikiwa mhimili wa injini umefungwa kwenye boriti ya chini, injini ishikiliwe kwa jeki na ubao kabla ya kufungua chochote. Ikiwa fremu ya zamani imechomelewa, funga boriti ya muda kati ya mbavu mbili kabla ya kukata.

4. Jenga fremu mpya ukiitumia ya zamani kama kipimo, isikatwe vipande mpaka mpya imejaribiwa. Kona za ndani ziwe za mviringo. Kona kali ndipo ufa huanzia, na alumini huchoka kwa mtikisiko kuliko chuma.

5. Kuchomelea alumini hakufanywi kwa mashine ya mageti. Juu ya alumini kuna ngozi nyembamba inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Yahitaji mashine ya TIG yenye umeme wa AC na gesi ya argoni, na mkono uliozoea. Ukikosa fundi huyo, tumia bolti na ribiti. Ndege nyingi zimeungwa kwa ribiti na zaruka. Na kwa mashine hizi za gereji, alumini haichomelewi na chuma. Fundi akisema ataziunganisha kwa moto, mshukuru uondoke.

6. Safisha chuma cha gari mpaka king'ae, kisha paka praima ya epoksi. Paka pia alumini, pande zote na ndani ya matundu. Rangi ipakwe kwenye metali zote mbili. Ukipaka alumini peke yake na rangi ikachubuka mahali padogo, uharibifu wote utakusanyika hapo.

7. Tenga viungo. Kila mahali pa kugusana pawe na kipande cha nailoni au plastiki ngumu, kila bolti iwe na bushi ya nailoni inayoizuia isiguse ukuta wa tundu, na washa ya nailoni chini ya ile ya chuma. Usitumie mpira wa tyubu kuukuu: hushika maji ya chumvi na kuyaweka pale pale usipoyataka. Pembeni pazibwe kwa silanti.

8. Acha nafasi ya joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa fremu ya mita 1.4, tofauti kati ya asubuhi na injini iliyopata moto hufika karibu milimita moja. Upande mmoja tundu liwe la mviringo, upande wa pili liwe refu kidogo.

9. Loki ya boneti ifungwe kwenye bamba la chuma lenye nguzo yake inayoshuka hadi boriti ya chini, na ndoano ya pili ya usalama ibaki ikifanya kazi. Ifunge na kuifungua mara nyingi kabla gari halijatoka gereji, kisha vuta boneti kwa nguvu zako zote.

10. Rejea vipimo vya kwanza. Mishazari ikitofautiana na ile uliyoandika, fungua urekebishe. Usiibane kwa bolti.

Waya wa ethi

Hili husahauliwa hata na mafundi wazuri. Katika magari mengi ya zamani, taa za mbele, honi na feni ya umeme hurudisha umeme kupitia fremu ya chuma. Ukishaitenga fremu mpya kwa nailoni na rangi, njia hiyo imekatika. Taa huwa hafifu au zawaka moja ikazima nyingine, na feni haizunguki kwa nguvu au haizunguki kabisa.

Barabarani hutajua, kwa sababu upepo wa mwendo huipoza rejeta. Utajua ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, jua la saa nane, magari yamekuzunguka na huwezi kutoka. Gari huchemsha, na injini inayochemka mara mbili tatu yaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Gharama ya hapo yaweza kuzidi ya fremu yenyewe.

Dawa ni kupeleka waya wa ethi wa kila kifaa moja kwa moja hadi kwenye bodi ya chuma au kwenye betri, bila kutegemea fremu. Usifunge kichwa cha shaba tupu juu ya alumini, kwa sababu shaba huila alumini haraka kuliko chuma. Kabla ya kulichukua gari, liache linguruma limesimama mpaka feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe.

Baada ya kazi

Suuza sehemu ya mbele kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa baada ya kupita pwani au kwenye madimbwi. Baada ya wiki mbili za kwanza kaza bolti upya. Kila miezi mitatu tazama mambo matatu: unga mweupe kwenye viungo, ufa mwembamba kwenye kona na pembeni mwa palipochomelewa, na loki ya boneti. Ukiona ufa, usiujaze kwa gundi. Ondoa kipande hicho ukibadilishe.

Mwambie pia mwenye bima kwamba gari limebadilishwa, na upate jibu kwa maandishi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, na magari ya abiria na ya biashara hupita kwenye ukaguzi wa NTSA. Kwa matatu au teksi, muulize mkaguzi kabla ya kukata. Kumuuliza baada ya kukata hakusaidii.

Chuma, nosikati au alumini?

Kwa Corolla, Probox au Sunny ya kutafutia riziki, fremu ya nosikati iliyo nzima ndiyo chaguo la kwanza. Matundu yake yako mahali pake, loki imepimwa na kiwanda, na mafundi wengi wanaijua kazi. Ioshe, ipake praima ya epoksi, ijaze nta au oili nzito ndani ya boriti ya chini, uzibue matundu ya kutolea maji. Fremu ya chuma iliyohudumiwa hivyo huishi muda mrefu hata hapa kwetu. Sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka 8 hufanya magari yaliyopo yatunzwe kwa muda mrefu, na kwa miundo inayopendwa sehemu bado zapatikana.

Alumini yafaa pale sehemu ya asili imekosekana, gari likiwa na chesisi yake au fremu ya kufungwa kwa bolti, na kukiwa na fundi wa TIG na subira ya kuitenga na chuma kiungo kwa kiungo. Hapo ni kazi nzuri, na yaweza kuwa ya mwisho kwa gari hilo. Bila masharti hayo, ni njia ya gharama ya kurudi gereji.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, muulize fundi maswali manne. Alumini hii ni namba gani? Utaitenga vipi na chuma? Loki ya boneti itafungwa juu ya nini? Na umeme wa feni utarudi kwa njia ipi? Fundi mwenye majibu yote manne, mwachie ufunguo. Anayecheka maswali, lirudishe gari nyumbani hata kama boneti imefungwa kwa kamba, na uliendeshe polepole mpaka umpate mwingine.